Mtu Asiye na Mabega

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, chini ya meza yangu,
ndipo alipozaliwa mtu wa kwanza wa Mwantumu:
kichwa, na kutoka kidevuni miguu miwili
mirefu kama nyuzi nilizosahau kukata.
Hana shingo. Hana tumbo.
Ana macho, na anacheka.

Mimi ni fundi. Kazi yangu ni miili ya watu:
bega kwa bega, kwapa hadi kiuno,
shingoni nafasi ya vidole viwili ili mteja apumue.
Nikamwuliza, "Sasa huyu nimshonee nini?"
Akanitazama kama mteja aliyecheleweshewa nguo ya Idi.
"Kofia."

Miaka minne, na maneno yake nilikuwa nayahesabu
kama vifungo vya akiba kwenye kopo la maziwa.
Shangazi alisema ulimi mzito ni wa ukoo,
babu yangu alianza kusema siku ya jando,
na neno lenyewe halikuwa la kurudia mbele za watu.
Mama yake hakucheka. Aliulizia siku za kliniki,
kisha akaenda zake Muheza, msimu wa machungwa.

Miezi ikapita juu ya karatasi za kukatia nguo.
Mtu akaota mikono, ikatokea masikioni.
Mvua za vuli, akapata kitovu:
kitovu kwanza, tumbo lenyewe likaja baada ya wiki,
likakizunguka, kama nyumba iliyoanzwa na mlango.
Vidole, kumi na kimoja mkono huu, vitatu ule.
Sikumsahihisha.
Nilikuwa na oda ya sare za shule,
na mara mbili nilijikuta nimekata suruali
mguu mmoja umempita mwenzake.

Kliniki, Bombo, Nesi Nakijwa alimpa penseli.
"Nichoree mtu."
Nilisimama mlangoni, futi ingali shingoni,
nilitoka dukani bila kukumbuka kuivua.
Mwantumu akachora, ulimi nje
kama anayetunga uzi kwenye sindano.
Nesi akahesabu kwa ncha ya kalamu:
kichwa, macho, pua, nywele tatu,
shingo (shingo ipo!), mikono,
na kila alichokipata alikitilia vema kwenye fomu,
nami kila vema napata pumzi moja.

Kisha kalamu ikasimama.
"Miguu sita?"
Akaandika kitu pembeni, mwandiko mdogo,
ule wa kuficha.

Nikasogea. Nikaona.
Miwili ilikuwa na viatu.
Minne ilikuwa ya chuma, na katikati yake
kikanyagio chenye matundu, na gurudumu, na mkanda wake,
na shingoni mwa yule mtu nyoka mwenye namba:
moja, moja, nne, moja,
hizo tu anazozijua.

"Nesi," nikasema, na sauti ikanikwama kama uzi mbovu,
"huyo ni mimi.
Mwanangu hajapata kuniona mbali na cherehani."

Fomu haikuwa na mahali pa cherehani.
Nesi Nakijwa alijikuna kichwa kwa kalamu,
akatia vema moja nje ya mstari.
"Na huyu, mdogo kama kifungo?"

Mwantumu hakuinua uso.
"Mama. Yuko Muheza. Machungwa."

Nikayahesabu. Manne.

Karatasi imebaki Bombo, ndani ya faili la kijani;
niliiomba, nikaambiwa ni mali ya hospitali.
Leo kaja mtu na kitambaa cha kanzu.
Nimempima kifua, nimempima mkono,
kisha nikajikuta namtazama miguuni,
nikijiuliza yeye anakaa na nini mchana kutwa
hata kikamwotea.
Akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna,
nikaandika: mabega, kumi na nane na nusu.

Chini ya meza penseli inakwaruza.
Watu wa Mwantumu wana kope sasa, na mifuko, na kamba za viatu.
Mabega bado.
Sina haraka.